Usalama wa nusukaputi huanzia nyumbani na hauishii thieta

WENGI wetu tunapoambiwa na daktari kwamba sharti tufanyiwe upasuaji, hatuogopi kisu. Tunachoogopa ni usingizi. "Je, nikilala nisiamke?" Swali hili humsumbua mama mjamzito aliyeambiwa kwamba mtoto amelala vibaya tumboni, kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda na mzee anayesubiri kutolewa ngiri. Aghalabu huliuliza moyoni tu, kwa sababu wanaona haya kumsumbua daktari.

Msomaji, swali hilo si la kipuzi. Watafiti wamelitafutia jibu kwa miaka mingi, katika hospitali za Ulaya, Marekani na hata hapa kwetu. Jibu lenyewe kwa ufupi ni hili: dawa ya usingizi ikitolewa na mtu aliyefunzwa, mwenye vifaa vya kufanyia kazi, ni nadra sana yenyewe kumuua mgonjwa. Kinachoua mara nyingi ni mambo madogo yaliyopuuzwa kabla ya upasuaji, na dalili za hatari ambazo hazikutambuliwa mapema baada yake. Katika mambo hayo, wewe na jamaa zako mna sehemu yenu ya kutekeleza.

Nusukaputi hufanya nini mwilini?

Kuna njia tatu kuu za kumwondolea mgonjwa maumivu ya kisu. Ya kwanza ni ganzi ya mahali, kama ile unayodungwa kwenye ufizi kabla ya kung'olewa jino. Ya pili ni ganzi ya sehemu kubwa ya mwili, ambayo mfano wake unaojulikana zaidi ni sindano ya mgongo wanayopewa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Ya tatu ni nusukaputi yenyewe, ambapo mgonjwa hulazwa kabisa, asijue lolote linalotendeka.

Usingizi huu si sawa na ule wa kitandani kwako. Ukilala nyumbani, mwili hubaki macho kwa namna yake. Mate yakikupalia, utakohoa. Pua ikiziba, utajigeuza. Chini ya nusukaputi, ulinzi huo wote huzimwa. Koo hulegea, kikohozi hutoweka, na mara nyingi hata kupumua hukoma. Shinikizo la damu nalo laweza kushuka ghafla.

Ndiyo maana mtaalamu wa dawa ya usingizi hadungi sindano kisha akaenda zake kunywa chai. Kazi yake kubwa huanza baada ya sindano. Yeye ndiye anayepumua kwa niaba yako, anayepima moyo wako, anayeongeza maji na damu inapohitajika, na anayekuamsha kazi ikiisha. Mpasuaji huangalia kidonda. Mtaalamu huyu hukuangalia wewe mzima.

Humu nchini kazi hii hufanywa na watu wa aina tatu. Kuna madaktari bingwa waliosomea taaluma hii chuoni, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kuna maafisa wa kliniki waliopata mafunzo ya ziada katika taasisi za KMTC. Na kuna wauguzi waliosomea kazi hiyo, mathalan katika Hospitali ya AIC Kijabe. Katika hospitali nyingi za mashambani, ni hao wawili wa mwisho wanaokesha na wagonjwa.

Tulikotoka

Tarehe 16 Oktoba 1846, mganga wa meno aliyeitwa William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, Marekani. Mpasuaji akamtoa uvimbe shingoni bila mgonjwa kupiga mayowe. Kabla ya siku hiyo, upasuaji ulikuwa kazi ya kumkamata mgonjwa kwa nguvu na kukata upesi. Mwaka uliofuata, Dkt James Simpson wa Edinburgh, Uskoti, alianza kutumia klorofomu.

Furaha haikudumu bila doa. Mnamo Januari 1848, msichana wa umri wa miaka 15 aliyeitwa Hannah Greener alifariki kaskazini mwa Uingereza alipokuwa akipewa klorofomu ili atolewe ukucha wa kidole cha mguu. Ukucha tu! Tangu hapo madaktari walitambua jambo ambalo bado ni kweli leo: upasuaji waweza kuwa mdogo, lakini hakuna nusukaputi ndogo.

Basi wakaanza kuhesabu. Katika miaka ya 1948 hadi 1952, Henry Beecher na Donald Todd walikusanya rekodi za karibu wagonjwa 600,000 kutoka hospitali 10 za Marekani ili kujua ni wangapi waliofariki na kwa sababu gani. Uchunguzi wa aina hiyo umeendelea hadi wakati wetu. Mwaka wa 2012, jarida la kitiba la Lancet lilichapisha mapitio ya tafiti 87 zilizohusu zaidi ya wagonjwa milioni 21. Ilidhihirika kwamba kabla ya miaka ya 1970, vifo vilivyosababishwa na dawa ya usingizi pekee vilikuwa 357 kwa kila wagonjwa milioni moja. Kufikia miaka ya 1990 na 2000, vilikuwa vimepungua hadi 34.

Zingatia hilo, msomaji. Hatari ilipungua mara kumi, na sababu haikuwa dawa mpya peke yake. Mafunzo yaliboreshwa, mashine za kumchunga mgonjwa zikapatikana, na madaktari wakajizoeza kuchunguza kila kosa badala ya kulificha. Hata hivyo, mapitio hayo yalionyesha pia kwamba maendeleo makubwa yalikuwa katika nchi tajiri.

Hali ya Afrika

Hapa ndipo pana uchungu. Mwaka wa 2016, madaktari wa nchi 25 za Afrika waliamua kuhesabu wenyewe. Kwa muda wa wiki moja, hospitali 247 ziliandika habari za kila mtu mzima aliyefanyiwa upasuaji na kulazwa, jumla yao wagonjwa 11,422. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2018.

Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano alipata matatizo baada ya upasuaji, mengi yakiwa ni maambukizi ya vidonda na viungo vingine. Wagonjwa wawili hivi katika kila mia walifariki. Idadi hiyo ni maradufu ya wastani wa dunia, ilhali wagonjwa hao walikuwa vijana zaidi na wenye maradhi machache kuliko wale wa nchi nyingine. Yaani, mtu aliyepaswa kupona kwa urahisi ndiye aliyekuwa akifa.

Je, walifia thieta? La. Asilimia 95 ya vifo vilitokea baada ya upasuaji kwisha. Mgonjwa alitoka kwenye chumba cha upasuaji akiwa hai, jamaa wakashukuru Mungu, kisha hali ikaharibika baadaye, aghalabu pasipo mtu wa kutosha wa kumchunga. Hospitali hizo zilikuwa na chini ya mtaalamu mmoja kwa kila wakazi 100,000, ukiwajumlisha wapasuaji, madaktari wa uzazi na wale wa dawa ya usingizi pamoja. Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji ilikuwa imependekeza mwaka wa 2015 kwamba wawe angalau 20.

Kwa akina mama mambo yalikuwa mazito zaidi. Miongoni mwa waliojifungua kwa upasuaji katika uchunguzi huohuo, mmoja kati ya kila 200 hivi alifariki. Kiwango hicho ni karibu mara 50 ya kile cha nchi tajiri. Kuvuja damu sana na matatizo ya dawa ya usingizi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na vifo hivyo.

Nasi Kenya tuna hesabu yetu. Watafiti walifuatilia zaidi ya watoto 6,000 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali 24 humu nchini, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2020. Kufikia siku ya saba, asilimia 1.7 ya watoto hao walikuwa wamefariki. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliofika wakiwa wagonjwa mahututi, waliopasuliwa usiku, na wale ambao orodha ya ukaguzi wa usalama haikujazwa ipasavyo. Kuhusu orodha hiyo tutazungumza punde.

Mwana hajui ulilolificha

Tuanze na jambo lililo mikononi mwako: chakula. Mgonjwa huambiwa asile kabla ya upasuaji, naye huona kama anateswa. Nyanya humwonea huruma mjukuu anayelilia njaa asubuhi, akampa uji kidogo kwa siri. "Uji tu, utamdhuru nini?"

Utamdhuru. Kumbuka kwamba nusukaputi huzima kikohozi. Chakula kilichomo tumboni huweza kupanda hadi kooni, kisha kikateremka mapafuni pasipo kizuizi. Vipande vyaweza kuziba njia ya hewa, na uchachu wa tumboni huyaunguza mapafu. Mwaka wa 1946, Dkt Curtis Mendelson wa New York alieleza visa 66 vya aina hiyo alivyovipata katika rekodi za zaidi ya wajawazito 44,000. Tangu wakati huo, kufunga kabla ya nusukaputi kumekuwa sheria duniani kote.

Lakini sheria hiyo imeeleweka vibaya. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba maji hupita upesi tumboni, na kwamba kumnyima mgonjwa maji usiku kucha humletea kiu, kichwa kuuma na udhaifu, hasa mtoto mdogo. Kwa hiyo mwongozo unaofuatwa katika nchi nyingi ni huu: chakula kigumu chepesi, uji, maziwa ya ng'ombe, maziwa ya kopo na chai ya maziwa, vyote vikome muda wa saa sita kabla ya upasuaji. Mlo mzito wa nyama na mafuta huhitaji muda mrefu zaidi. Maziwa ya mama, saa nne. Maji safi au chai ya rangi isiyo na maziwa, saa mbili. Hata hivyo, fuata maagizo ya hospitali yako, kwa kuwa wao ndio wanaojua hali yako.

Na ikiwa mtoto amekula? Sema! Hutafokewa, na hata ukifokewa, heri kufokewa kuliko kulia. Upasuaji usio wa dharura utasogezwa mbele kwa muda mfupi. Ukiwa wa dharura, mtaalamu ana mbinu za kumlaza mtu mwenye tumbo lililojaa, almuradi ajue mapema. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Hapa, anayeficha uji huweza kumpoteza aliyezaliwa.

Mambo mengine ya kusema

Kabla ya siku ya upasuaji, mtaalamu wa dawa ya usingizi anapaswa kukuona na kukuhoji. Wengi huyajibu maswali yake haraka haraka, wakidhani ni ya kujaza fomu tu. Kumbe kila swali lina sababu yake.

Mweleze iwapo una pumu, shinikizo la damu, kisukari, kifafa au maradhi ya moyo. Mweleze dawa zote unazomeza. Baadhi ya dawa za shinikizo huendelezwa hadi asubuhi ya upasuaji na nyingine husimamishwa. Dawa za kisukari hubadilishwa kwa kuwa hutakula. Usijiamulie mwenyewe.

Mtaje pia dawa za mitishamba, hata kama unahofu kuchekwa. Baadhi yake huzuia damu kuganda na nyingine hubadilisha shinikizo. Mtafunaji wa miraa aseme, maadamu miraa huupiga moyo mbio na kupandisha shinikizo la damu. Mnywaji wa pombe wa kila siku naye aseme, kwa sababu mwili uliozoea pombe huhangaika unapoikosa wadini. Mvutaji wa sigara ajaribu kuacha angalau wiki nne kabla, iwapo upasuaji waweza kungoja. Mapafu yake na kidonda chake vitamshukuru.

Eleza kama wewe au ndugu wa damu aliwahi kupata taabu kwa nusukaputi. Kuna maradhi adimu ya kurithi ambayo humfanya mtu apandwe na joto la hatari akipewa baadhi ya dawa hizi. Taja jino linalotikisika na meno ya bandia. Ondoa rangi ya kucha, kwa sababu kidole chako kina kazi ya kufanya thieta.

Mwisho, kama upasuaji si wa dharura, uliza kuhusu damu yako. Mtu aliyepungukiwa na damu huingia thieta akiwa na akiba ndogo. Ukitibiwa upungufu huo mapema, utavumilia kuvuja damu vizuri zaidi.

Sindano ya mgongo au kulala kabisa?

Swali hili huzua mabishano makali mitaani. Wapo wanaoamini kwamba sindano ya mgongo huleta maumivu ya mgongo ya maisha, na wapo wanaoamini kwamba kulala kabisa hupunguza akili.

Kwa mama anayejifungua, sindano ya mgongo ndiyo inayopendelewa pasipo kizuizi. Mama hupumua mwenyewe, na mtoto hapati dawa nyingi ya usingizi. Ni kweli kwamba mahali pa sindano paweza kuuma siku chache. Vilevile wachache hupata maumivu ya kichwa yanayozidi wakiketi na kupungua wakilala. Hao wamwarifu daktari, kwani yana tiba. Lakini tafiti zilizowafuatilia akina mama waliopewa ganzi ya mgongoni wakati wa uchungu hazikuonyesha kwamba waliumwa na mgongo kwa muda mrefu kuliko wenzao. Ujauzito wenyewe na kubeba mtoto huuchosha mgongo.

Kwa wengine, tofauti si kubwa kama ilivyodhaniwa. Zamani ilisadikika kwamba mzee aliyevunjika nyonga ni lazima apewe sindano ya mgongo ili anusurike. Mwaka wa 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,600 wa Marekani na Kanada, waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Baada ya siku 60, waliofariki au kushindwa kutembea walikuwa asilimia 18.5 kwa waliopata sindano ya mgongo na asilimia 18.0 kwa waliolazwa. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Kilicho muhimu ni mzee huyo kupata upasuaji mapema na kutunzwa vizuri.

Na akili za watoto je? Watoto wachanga 722 kutoka nchi saba walifuatiliwa. Wengine walilazwa kwa nusukaputi ya muda usiofika saa moja, na wengine wakapewa ganzi ya mgongo wakiwa macho. Walipofikisha miaka mitano, akili zao zilipimwa na tofauti haikuonekana. Matokeo hayo ya mwaka wa 2019 yanapaswa kumtuliza mzazi ambaye mwanawe anahitaji upasuaji mfupi mmoja.

Hofu nyingine ni ya kuamka katikati ya upasuaji. Hutokea, lakini ni nadra. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na Ireland, uliochapishwa mwaka wa 2014, ulikadiria kisa kimoja kwa kila nusukaputi 19,000 hivi. Kwa akina mama waliolazwa kabisa ili kujifungua, kiwango kilikuwa juu zaidi, kisa kimoja kwa 670 hivi. Ikikufika, usinyamaze ukidhani uliota. Mwambie mtaalamu, iandikwe kwenye faili yako, nawe upate ushauri.

Orodha ya maswali na kibanio cha kidole

Mwaka wa 2008 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilizindua orodha ya ukaguzi yenye mambo 19. Yasomwe kwa sauti mara tatu: kabla ya mgonjwa kulazwa, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka thieta. Mambo yenyewe ni mepesi. Huyu ni nani? Anapasuliwa wapi, kulia au kushoto? Ana mzio wa dawa gani? Damu iko tayari? Pamba na sindano zote zimehesabiwa?

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, na mmoja wa miji hiyo ulikuwa Ifakara, nchini Tanzania. Miongoni mwa wagonjwa zaidi ya 7,600, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo kutoka asilimia 11 hadi 7. Ni karatasi tu, isiyohitaji umeme wala fedha za kigeni.

Lakini karatasi haina miujiza. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilipoamuru hospitali zake zitumie orodha kama hiyo, uchunguzi wa hospitali 101 uliochapishwa mwaka wa 2014 haukuonyesha kupungua kwa vifo kwa kiwango cha kuaminika. Kuweka alama kwenye karatasi ni jambo moja, na kusimama, kuulizana na kusikilizana ni jambo jingine. Kwa hiyo, ukiulizwa jina lako na upande unaouma kwa mara ya nne, usikasirike. Jibu kwa furaha. Hawajakusahau, wanakulinda.

Kifaa kingine cha thamani ni kibanio kinachowekwa kidoleni, kiitwacho oksimita. Hupitisha mwanga katika kidole na kupima hewa ya oksijeni iliyomo katika damu. Mbinu yake ilibuniwa na mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970. Kabla yake, mtaalamu alingoja midomo ya mgonjwa igeuke rangi, na kufikia hapo muda ulikuwa umeyoyoma. Leo viwango vya kimataifa vinataka kila mgonjwa anayepewa nusukaputi awe na kibanio hicho.

Hata hivyo, sisi wenye ngozi nyeusi tuna neno la kuongeza. Mwaka wa 2020 watafiti wa Marekani walieleza kwamba kifaa hicho kilikosa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi ya ilivyokuwa kwa Wazungu. Hii si sababu ya kukikataa, kwani bila hicho hali ni mbaya zaidi. Ni sababu ya kutaka mtu mwenye macho na masikio awe kando ya mashine, asiitegemee namba peke yake.

Saa zinazofuata

Sasa umetoka thieta. Tulikwisha kuona kwamba ni hapa ambapo Waafrika wengi hupoteza maisha. Basi madaktari wa Afrika walijaribu tiba rahisi. Katika utafiti wa pili, uliohusisha hospitali 332 za nchi 28 na zaidi ya wagonjwa 28,000, nusu hivi ya hospitali ziliombwa kuwachunga kwa karibu zaidi wagonjwa walio hatarini. Walilazwa karibu na meza ya wauguzi, wakapimwa mara nyingi zaidi, na jamaa zao wakaruhusiwa kukaa kando ya kitanda.

Matokeo ya mwaka wa 2021 yalivunja moyo: idadi ya vifo haikutofautiana na ya hospitali nyingine. Je, kuchunga hakuna maana? Sivyo ninavyoelewa. Kuona hatari ni nusu ya kazi. Ni lazima awepo wa kuitwa, na akiitwa aje akiwa na oksijeni, damu na dawa. Macho mengi pasipo mikono hayamwokoi mgonjwa. Huo ni ujumbe kwa magavana na wizara, ambao hufungua majengo mapya ya hospitali kwa ngoma na hotuba bila kuajiri wa kukesha humo.

Nawe jamaa uliye kando ya kitanda, zitambue dalili hizi, kisha mwite muuguzi mara moja: mgonjwa anapumua kwa shida au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, haamki ukimwita, bandeji au shuka inalowa damu upya, anatokwa na jasho la baridi na moyo unakwenda mbio, hakojoi kwa saa nyingi, ana homa au tumbo linafura na kuwa gumu. Mama aliyejifungua akisema anahisi kizunguzungu na kiu kali, usimwambie ni uchovu tu. Usimpe chakula wala maji kabla ya kuruhusiwa. Ukiambiwa ungoje na hali inazidi kuharibika, omba kwa heshima aitwe mkubwa wa zamu, na usiondoke hapo.

Uliza kabla ya kutia sahihi

Fomu ya kukubali upasuaji ni yako. Kabla ya kuitia sahihi, uliza maswali haya: Ni nani atakayenipa dawa ya usingizi, na amesomea kazi hiyo? Nitalazwa au nitapewa ganzi, na kwa nini? Je, kuna oksijeni na damu ya kutosha? Nikome kula saa ngapi, na maji je? Baada ya upasuaji nitalala wapi, na nani atanichunga usiku wa kwanza?

Upasuaji usio wa dharura unaweza kungoja hospitali ipate majibu ya maswali hayo. Wa dharura hauwezi, na hapo usichelewe kwa hofu ya usingizi. Kumbuka wale watoto wa hospitali 24: kufika wakiwa mahututi ndiko kulikowaweka hatarini zaidi. Kidole tumbo kilichopasuka kwa kungoja nyumbani ni hatari zaidi kuliko nusukaputi.

Basi, msomaji, ukiitwa thieta, nenda. Nenda na tumbo lililofungwa kama ulivyoagizwa, ukweli wote kinywani, na jamaa mmoja mwenye macho mazuri wa kukaa nawe utakapoamka.